Prism Launcher: vanila kivyake, modi kivyake, na bando halilii

Kama unacheza Minecraft ya kompyuta, ile ya Java, na umeshaanza kuonja modi, yaani nyongeza za kuibadilisha gemu, basi kuna siku utataka vitu viwili kwa mpigo: gemu safi kama ilivyotoka kwa watengenezaji wake Mojang, yaani vanila, na ile nyingine iliyojaa mitambo, madubwana na misitu mipya. Prism Launcher ndo lancha, yaani programu ya kuwashia gemu, ninayotumia kuvitenga, na naieleza hapa kwa ajili ya wale ambao mpaka leo wanahamisha mafaili ya jar kwa mkono, kuyatoa folda hii kuyapeleka desktopu, kesho kuyarudisha, kila wakitaka kubadilisha mchezo. Jamani pumzikeni.

Ni ya bure, msimbo wake uko wazi, inakaa kwenye Windows, Linux na Mac, na kwa Windows kuna toleo la zipu ambalo halihitaji kuinstoli, unalifungua tu kwenye folda, hata kwenye disiki ya nje, na kila kitu chake kinabaki humohumo.

Kwanza tuelewane tatizo liko wapi, maana wengi wananiambia "mbona lancha rasmi nayo inatengeneza instolesheni nyingi". Ni kweli, inatengeneza. Unaweka moja ya 1.20.1, nyingine ya toleo jipya, nyingine ya Fabric (hii ni lodi, yaani kitu kinachoiwezesha gemu kupakia modi), unaiona orodha imejipanga vizuri unadhani kila moja inajitegemea. Haijitegemei. Usipogusa kile kisehemu cha kuchagua folda ya gemu, zote zinakula kwenye folda moja ya .minecraft, yaani mods ni moja, config ni moja, saves (folda ya dunia zako) ni moja. Ukiwasha Fabric ya toleo jipya inakuta modi za Fabric za toleo la zamani zimekaa pale, inakutupia dirisha la makosa na kugoma kuwaka. Hilo ni dogo, unafuta modi maisha yanaendelea. Kubwa ni kwamba ukiwasha vanila unaziona dunia zako zote kwenye orodha, pamoja na ile uliyoijenga na modi miezi kibao, na hakuna mtu wa kukuzuia usiibonyeze.

Na ukiibonyeza? Vanila haizijui bloku za modi. Ikikutana na bloku ambayo jina lake halimo kwenye daftari lake inaweka hewa, haiulizi, hailalamiki kwenye skrini. Kuna dogo mmoja mtaani aliniletea laptopu yake, anasema "bro, hebu angalia kiwanda changu kimekuwaje". Alikuwa na modi ya Create, ile ya magia na mikanda na vinu vya upepo, amejenga kitu cha maana kabisa, mtambo wa kusaga na mashine za kukandamiza vyuma, halafu kuna mtu wa nyumbani kwao akafungua dunia ileile kwa vanila akitaka tu kuzunguka. Ukuta wa mawe ulikuwepo, mienge inawaka, ila katikati pamebaki uwazi mtupu, mhimili hakuna, magia hakuna, tanga za kinu zimepotea, na maji yaliyokuwa yanazungusha gurudumu yameteremka mpaka kwenye chumba cha chini. Masanduku ya mbao yapo, ukifungua unakuta mkate na makaa vimekaa palepale vilipoachwa, ila vipande vya shaba njano vyote vya Create hakuna hata kimoja. Afu upande wa pili wa kijiji, ambako huyo mtu hakufika, mitambo ilikuwa mizima, kwa sababu gemu inapakia na kusevu chanki, yaani vipande vya dunia, zilizo karibu na mchezaji tu, zile za mbali zilibaki kwenye disiki kama zilivyoandikwa. Bakapu hakuwa nayo. Nikamwambia pole, ndo hivyo.

Sasa Prism inafanyaje. Badala ya instolesheni zinazogombania folda moja, hapa una instensi, na kila instensi ina mods yake, config yake, saves yake, picha zake za skrini, hadi logi zake. Ni nyumba ya kupanga ambayo kila mpangaji ana LUKU yake, wewe ukiwasha pasi na jiko la umeme kwa mpigo, uniti za jirani haziguswi. Ukiwa ndani ya instensi ya vanila, dunia za modi hazionekani kabisa, hazipo kwenye orodha, kwa hiyo hata mgeni akikaa kwenye mashine yako akabonyeza ovyo hana cha kuharibu upande ule.

Kutengeneza moja ni dakika. Unabonyeza kitufe cha kuongeza instensi juu kushoto, linafunguka dirisha, unaipa jina, unachagua toleo la Minecraft kwenye orodha, chini yake unachagua kama unataka Fabric, Forge, NeoForge, Quilt au usichague chochote iwe vanila, unabonyeza OK. Upande wa kushoto wa dirisha hilohilo kuna Modrinth na CurseForge, masoko mawili ya modi, ukitaka modipaki, yaani furushi la modi lililokamilika, unaitafuta humo kwa jina na yenyewe inaleta kila kitu. Instensi zinajipanga kwa aikoni, unaweza kuziweka kwenye makundi, mimi nina kundi la "Safi" na kundi la "Fujo". Kuna pia kitufe cha paka, ukikibonyeza anatokea paka kwenye mandhari ya lancha, hana kazi yoyote, yupo tu. Namuacha.

Hapa niongee kitu ambacho naona watu wanakikosea wanapopanga haya mambo. Wengi wanagawa mara mbili: yenye modi na isiyo na modi. Kwangu mgawanyo huo haufai sana, swali la maana ni modi gani inaandika kwenye dunia yako na ipi haiandiki. Sodium kwa mfano inabadilisha namna gemu inavyochora picha kwenye skrini, basi, haiongezi bloku hata moja. Lithium inapunguza mahesabu ya ndani bila kubadilisha tabia ya gemu. FerriteCore inapunguza ramu inayoliwa. Iris ni ya sheda, zile za kupendezesha mwanga na vivuli. Modi ya ramani ndogo ya pembeni inatunza kumbukumbu zake kwenye folda yake. Dunia iliyochezwa na hizo zote ukiifungua kwa vanila tupu kesho, iko vilevile, haijui hata kama ulikuwa na modi. Lakini Create, Cobblemon, Biomes O' Plenty na wenzao, hao wanaandika, wanaacha bloku, viumbe, vitu masandukuni na hadi aina za misitu ndani ya faili la dunia, na ukiwaondoa kitu lazima kipasuke.

Kwa hiyo mimi nina aina tatu za instensi, sio mbili. Ya kwanza ni vanila tupu kabisa, hii sichezi nayo sana, ipo kwa ajili ya kupima, yaani kitu kikizingua nataka kujua kama ni gemu au ni modi, nakijaribu huku, kama tatizo halipo basi mchawi ni modi. Ya pili ni vanila nyepesi, ina Fabric na hizo modi za spidi tu, na ndo ninayoichezea kila siku kwenye seva ya washkaji, maana seva ya vanila haina shida na mtu mwenye Sodium. Ya tatu ndo mafujo, na hizi ziko kadhaa, kila modipaki na instensi yake. Dunia inaweza kutembea kati ya ya kwanza na ya pili bila wasiwasi ili mradi toleo ni lilelile. Kutoka ya tatu haitoki. Nimeandika hivyo hata kwenye sehemu ya noti, maana kila instensi ina ukurasa wake wa kuandika maelezo na nashangaa watu hawautumii.

Na hilo la toleo lilelile msilichukulie poa. Hata bila modi yoyote, dunia ya zamani ukiifungua kwenye toleo jipya inageuzwa, na kurudi nyuma hakuna njia salama. 1.18 iliyotoka Novemba 2021 ilishusha sakafu ya dunia mpaka -64 na kupandisha dari mpaka 320, ukiipeleka dunia ya 1.17 kule ndo imeolewa. Tena siku hizi Mojang wameacha ile ya apdeti moja kubwa kwa mwaka, wanatoa ndogondogo mara kadhaa, wakati watengeneza modi bado wamejazana kwenye matoleo yao ya kale: 1.12.2 ya 2017 bado ina watu wake, modipaki ya RLCraft iko huko mpaka leo, na 1.20.1 ya Juni 2023 ndo kama makao makuu ya modipaki kubwa. Kwa hiyo mtu anayependa vyote lazima awe na matoleo manne matano kwenye mashine moja, hana ujanja.

Hapo linakuja suala la Java, ile programu ya chini inayoiendesha gemu, ambalo zamani lilikuwa linatutoa jasho. Toleo la 1.16.5 kurudi nyuma linataka Java 8, 1.17 ilitaka 16, kuanzia 1.18 mpaka 1.20.4 ni Java 17, na kuanzia 1.20.5 mpaka zile za 1.21 ni 21. Ukiwasha modipaki ya 1.12.2 kwa Java 21 haitoboi. Zamani ilibidi uzidaunlodi mwenyewe, uzipange, uoneshe kila instensi Java yake iko wapi, na wengi hapo ndo walikata tamaa wakasema Prism ni ya watengeneza programu. Kuanzia toleo la 9 inaangalia unachotaka kucheza na kuchukua Java inayofaa yenyewe. Mimi hiki kimoja tu kilitosha kunifanya niwapendekezee hata wasiojua kompyuta.

Tuje kwenye bando, maana najua ndo wengi mnachouliza. Unaweza kudhani instensi kumi ni Minecraft kumi kwenye disiki na Minecraft kumi kwenye bando. Hapana. Sauti, lugha, maktaba za Java na faili lenyewe la gemu vinakaa sehemu moja ya pamoja, instensi zote zinachota pale. Ile ya kwanza ya toleo fulani ndo inakula MB mia kadhaa, ya pili ya toleo hilohilo karibu haishushi kitu, utaona imefunguka tu. Kinachojirudia ni modi, resosi paki na dunia, na hivyo ndo hasa unataka vijirudie. Pia ukishaingia na akaunti yako mara moja unaweza kuwasha gemu kwa hali ya oflaini, kwa hiyo bando likikata usiku hulali mapema.

Kuna na suala la kushea. Ukitaka kumpa mshkaji modipaki yako, unabonyeza kuekspoti na unachagua namna, mimi nataja mbili. Ya kwanza ni zipu ya kawaida, unatiki mafaili unayotaka yaingie, modi zote zinakuwemo humo, hiyo unaipeleka kwa flashi na yeye hatumii bando kwa hizo modi. Ya pili ni faili la mrpack la Modrinth, hilo linabeba orodha ya modi na mahali pa kuzichukua, jar zenyewe za Modrinth hazimo, linakuwa dogo unalirusha WhatsApp, ila kule anakofungulia ndo bando lake litafanya kazi. Kwa mazingira yetu flashi inashinda.

Kunakili instensi ndo kitu ninachokitumia kuliko vyote. Unabonyeza kulia, unachagua kunakili, linakuja dirisha lenye vitu vya kutiki: nakili dunia, nakili modi, nakili resosi paki, nakili seva, nakili seting za gemu. Ninachofanya kabla ya kuapdeti modi yoyote kwenye instensi ninayoipenda, nainakili nzima pamoja na dunia, naapdeti kwenye nakala, nacheza humo, ikikreshi nafuta nakala. Ya asili haijaguswa. Kwa chini kuna sehemu ya wataalamu ya kutumia linki badala ya kunakili kweli, yaani faili linakuwa moja ila linaonekana sehemu mbili, inaokoa nafasi ya disiki. Ni nzuri kwa modi na resosi paki. Kwa dunia usithubutu, maana ukilinki saves kati ya instensi ya modi na ya vanila umezirudisha kwenye folda moja, umevunja kile ulichokuja kukijenga, na ndo maana wenyewe wameweka kitiki cha kusema saves zisilinkiwe. Kitiki hicho kiwe kimewekwa.

Upande wa modi zenyewe, unaingia kwenye kuhariri instensi, sehemu ya Mods, unatafuta kutoka Modrinth au CurseForge humohumo na inakuonesha zinazoendana na toleo lako na lodi yako tu. Kama modi inahitaji nyingine, mfano Fabric API, inakuambia na kukuletea. Kila modi ina kitiki, ukikitoa haifutwi, jina la faili linaongezewa .disabled mwishoni na gemu inaipita, kwa hiyo kutafuta modi mkorofi kati ya mia moja unazima nusu, unawasha, unaona, unazima nusu ya nusu, mpaka unamkamata. Kuna kitufe cha kuangalia apdeti za modi zote kwa mpigo. Hicho ukibonyeze kwa adabu, kwenye nakala.

Kero ya CurseForge ipo na sio kosa la Prism. Baadhi ya wenye modi wamekataza modi zao zisichukuliwe na lancha za nje, kwa hiyo ukiwa unashusha modipaki kubwa unaweza kukutana na dirisha lenye orodha ya modi zilizozuiwa, inabidi ufungue brauza uzichukue moja moja, Prism inakaa inachungulia folda yako ya daunlodi na kutiki kila inapoiona imefika. Inafanya kazi, ila zikiwa nyingi utatukana. Modrinth haina mambo hayo, kwa hiyo modipaki ikiwepo sehemu zote mbili chukua ya Modrinth.

Ramu. Laptopu nyingi tunazotumia ni hizi za mtumba za Kariakoo, i5 yenye 8GB na kadi ya picha ya ndani. Kwenye seting za Java unaweka kiwango cha juu cha ramu cha lancha nzima, na kila instensi unaweza kuipa chake tofauti. Vanila nyepesi naipa 2GB na inateleza. Modipaki nzito naipa 4, nikijitahidi 5, na nafunga brauza kwanza. Usidanganywe na watu wa video wanaosema weka 8, mashine yenyewe ina 8, Windows itakula nini? Itaanza kuhamishia vitu kwenye disiki na gemu itakuwa inakwamakwama vibaya kuliko mwanzo. Na hii ndo faida nyingine ya kutenga, ile gemu yako ya kila siku hailazimiki kubeba ukubwa wa ramu uliowekwa kwa ajili ya modipaki moja.

Lawama zangu kwa Prism sio nyingi ila zipo. Kubwa ni seting za gemu. Kwa kuwa kila instensi ina faili lake la options, kila unapotengeneza mpya unaanza upya: spidi ya mausi, vitufe, umbali wa kuona, muziki uzimwe, ile skrini ya kukuuliza kama unahitaji msomaji wa sauti, vyote kuanzia sifuri. Inachosha kweli. Dawa yangu ni kuwa na instensi mama, moja ya Fabric yenye modi za spidi na seting zangu zote, haina dunia, kazi yake ni kunakiliwa. Inasaidia, lakini mtumiaji mgeni hatajua ujanja huo na lancha haimwambii popote.

Lingine ni lile dirisha la logi. Gemu ikikreshi linajitokeza limejaa mistari myekundu na njano, mtu wa kawaida anadhani kompyuta imekufa. Kwa anayejua ni hazina, maana jina la modi mkorofi mara nyingi limo humo, na kuna kitufe cha kuipandisha logi mtandaoni ukapata linki ya kumtumia anayekusaidia. Kwa dogo wa darasa la saba ni kitisho. Na bakapu ya wingu hakuna, disiki ikifa instensi zako zote zimekufa nayo, ujipange mwenyewe na flashi au disiki ya nje.

Kufuta nako wengi wanakuogopa, na wana haki, ukifuta instensi dunia zake zinaondoka nayo. Ila inauliza kwanza, inapeleka kwenye pipa la taka, na kwenye menyu kuna sehemu ya kutengua ufutaji wa mwisho. Nimeijaribu kwa instensi ya majaribio, inarudi na dunia zake zote.

Historia yake fupi, kwa sababu mtaona majina matatu yanayofanana mkachanganyikiwa. Ya kwanza ilikuwa MultiMC, ikazaa PolyMC, halafu Oktoba 2022 mmoja wa waliokuwa na funguo za PolyMC akawatoa wenzake wote kwenye mradi kwa mara moja, waliotolewa wakaungana wakaanzisha Prism. Kwa hiyo ukiona maelezo ya zamani ya PolyMC mengi yanafanana na Prism, ila cha kudaunlodi leo ni Prism, na uichukue kwenye tovuti yao wenyewe.

Wapinzani wapo. Programu ya CurseForge inatenga profaili vizuri tu, ila ina matangazo na inajisikia nzito kwenye mashine dhaifu. Ya Modrinth ni nzuri kwa macho, nyepesi kuielewa, na kama wewe unacheza modipaki moja mbili za Modrinth basi itakutosha, sitabishana. Ukianza kuwa na matoleo ya kale, Forge ya mwaka ule, NeoForge iliyojitenga 2023, na unataka kuhariri kila kitu, utaishia Prism tu.

Sasa la akaunti, maana najua swali linakuja. Prism inataka akaunti ya Microsoft iliyonunua gemu. Hizi lancha za kukwepa kulipa ambazo zimejaa kwenye kompyuta za mtaani, Prism sio mojawapo, usiingie ukadhani utajiandikia jina lolote uingie. Gemu ni dola 29.99, Java na Bedrock (ile Minecraft nyingine isiyo ya Java) za kompyuta zinakuja pamoja, kwa shilingi ya Tanzania unaongelea kwenye elfu sabini na kitu mpaka themanini kutegemea dola imeamkaje, unalipa mara moja na umemaliza. Asiye na kadi ya benki kuna kadi ya Visa ya mtandaoni ndani ya M-Pesa, inafanya kazi hiyo. Na tuseme ukweli, lancha za kienyeji nyingi hujui nani kazitengeneza na zimebeba nini.

Kwenye hilo la kubeba vitu, msichanganye kutenga na ulinzi. Instensi inatenga dunia na mafaili ya gemu, haiitengi kompyuta yako. Modi ni programu kamili, ikiwaka ina uwezo wa kugusa chochote ambacho wewe mwenyewe unaweza kugusa. Juni 2023 kuna kirusi kilichoitwa fractureiser kilipenya kwenye modi zilizokuwa CurseForge na kwenye tovuti ya Bukkit ya nyongeza za seva, na kilikuwa kinaiba hadi akaunti za watu na kujipachika kwenye jar nyingine za modi zilizopo kwenye kompyuta. Instensi tofauti zisingekusaidia kitu pale, kingeruka kutoka moja kwenda nyingine. Modi isiyojulikana uliyotumiwa kwa linki ya ajabu, hata ukiiweka kwenye instensi yake peke yake, bado umeiwasha kwenye mashine uliyolog in kila kitu chako.

Wale wa simu wanaouliza kama ipo ya Android: hapana, na hata ingekuwepo Minecraft ya simu ni Bedrock, modi zake ni adoni na zinawekwa kwa namna tofauti kabisa, zinaungwa kwenye dunia moja moja. Huko ushauri ni mmoja tu, nakili dunia yako kwanza kwenye ile kalamu ya kuhariri iliyo pembeni ya jina lake, afu adoni uiweke kwenye nakala.